Si kila "mtandao unasumbua" ni kosa la mtandao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowasumbua wananchi wengi kwenye madirisha ya huduma bila wao kujua chanzo chake. Mtu anawahi asubuhi, anapanga foleni, na zamu yake inapofika anaambiwa asubiri kidogo kwa sababu mtandao unasumbua. Mimi ni fundi wa mitandao na nimezunguka matawi mengi mikoani. Mara nyingi nimekuta laini ni nzima kabisa, ila ulandanishaji wa saraka, yaani kazi ya kuzifanya nakala za daftari la watumiaji zifanane, kati ya makao makuu na matawi haujawahi kupangwa.

Saraka ninayoizungumzia ni daftari la kompyuta linalotunza majina ya wafanyakazi, nywila zao na mambo ambayo kila mmoja anaruhusiwa kuyafungua. Taasisi nyingi zinatumia Active Directory, iliyoingia pamoja na Windows 2000, ambamo kila seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, ina nakala yake ya daftari na seva hupashana habari za mabadiliko. Ndani ya jengo moja habari hizo hufika kwa sekunde chache, lakini kati ya mji na mji hufuata ratiba, na ratiba inayokuja na programu ni ya kila baada ya dakika 180. Wengi huiacha hivyo hivyo.

Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi aliyesimamishwa kazi, akifungiwa akaunti Dar es Salaam saa tatu asubuhi, anaweza kuendelea kuingia kwenye mfumo akiwa Kigoma hadi karibu saa sita mchana. Ikiwa akaunti imefungwa Mbeya na mabadiliko yanapita kwanza Dar es Salaam, kuchelewa huko kunaweza kukaribia mara mbili. Muda huo unaweza kushushwa hadi dakika 15. Hofu kwamba laini italemewa ilikuwa na msingi enzi tulipotegemea visahani vya setilaiti. Leo, pale Mkongo wa Taifa, yaani nyaya za mawasiliano ya kasi, ulipofika, haina msingi, kwa kuwa kinachosafirishwa ni kile kilichobadilika tu, na kikiwa kikubwa hubanwa kabla ya kutumwa.

Katika tawi moja kando ya Ziwa Tanganyika nilimkuta mhudumu ameshaandika nywila yake, ameweka mikono mapajani, anasubiri. Nilihesabu dakika nne kabla skrini haijafunguka, na muda wote huo nilikuwa nikisikia feni ya seva ya tawi ikivuma chumba cha pili. Tawi lilikuwa limebadilishiwa anwani za mtandao na hakuna aliyeziandikisha upya kwenye saraka, kwa hiyo kompyuta zikawa hazijui ni za tawi gani, zikaomba ruhusa kwa seva yoyote ile, hata iliyo Dar es Salaam. Kuandikisha safu ile ya anwani hakukuzidi dakika kumi, nami nilisikitika sana nilipofikiria ni wazee wangapi walikwishasimama kwenye foleni ile kwa miezi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye seva iliyozimwa muda mrefu, kwa mfano tawi linapokarabatiwa. Akaunti ikifutwa, saraka hukumbuka ufutaji huo kwa siku 180, au 60 tu katika mifumo ya zamani ambayo haikurekebishwa. Seva ikirudishwa baada ya hapo, inarudi na akaunti ambazo wenzake wamekwisha kuzisahau, na aliyefutwa anaweza kuonekana tena kazini. Seva ya namna hiyo isiunganishwe kamwe. Ifutwe na ianzishwe upya.

Ninawaomba wakuu wa taasisi wamshirikishe ofisa TEHAMA kabla tawi halijafunguliwa au laini haijabadilishwa, si baada ya foleni kufika barabarani. Nao maofisa wenzangu wasome ripoti ya ulandanishaji kila asubuhi. Hutolewa kwa amri moja tu, na kwa taasisi yenye matawi kumi kuisoma ni kazi ya dakika tano kabla dirisha la kwanza halijafunguliwa.

Fundi wa mitandao,
Mwanza