Mdogo wangu, ukifunga mlango usiombe ruhusa

Mdogo wangu, meseji yako nimeisoma. Umesema mashairi umeyaweka kando kwa sababu wewe sio msanii, una kazi, una watoto, na hata ukiandika nani atasoma. Nakujibu hapa mbele za watu maana wapo wengi waliofunga madaftari yao kwa maneno hayohayo.

Kwanza hilo la usanii. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mtu wa ofisi kabisa, amefariki 1962 na mpaka leo tunamsoma. Hakusubiri aache kazi ndo aitwe mshairi. Mtu anaweza kuwa mama, mhasibu na mshairi kwa mpigo na hakuna kimoja kinachofuta kingine, ila watu wanapenda kukupa jina moja tu kwa sababu mwenye jina moja ni rahisi kumpangia kazi.

Halafu nani atasoma. Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, aliandika riwaya kwa Kiingereza miaka mingi, za kukosoa watawala, na hakufungwa. Mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ wakatunga tamthilia kwa Kikuyu, wakaicheza wakulima na wafanyakazi wenyewe pale kijijini Kamĩrĩĩthũ, watu wakajaa, serikali ikaipiga marufuku na mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o yuko kizuizini bila kesi. Umaarufu alikuwa nao tangu zamani na haukuwasumbua watawala, kilichowatisha ni wanakijiji kupanda jukwaani wakasema mambo yao kwa lugha ya nyumbani kwao. Huko gerezani Kamiti akaandika riwaya nyingine, hii sasa kwa Kikuyu, kwenye karatasi za chooni! Kwahiyo wasomaji wako wakiwa shangazi wawili na jirani, mimi siwaoni wachache hata kidogo.

Ila kwako wewe serikali haihusiki. Madaraka yanayokubana yako humo humo ndani ya nyumba, na yanaonekana kwa kitu kidogo sana, nani akifunga mlango anaachwa. Shemeji akisema ana kazi nyumba nzima inanyamaza, hata yule mdogo anajua asigonge. Wewe ukifunga, dakika tano hazijaisha, chaja iko wapi, mama njoo uone, mama huyu kanipiga. Sisemi hawakupendi, wanakupenda sana, lakini saa yako haihesabiki kwa sababu hakuna anayeona hela ikitoka humo, na wewe umeshazoea kusema jamani naomba nusu saa tu. Mwenzio haombi, anatangaza.

Na wewe tangaza. Chagua siku na saa, waambie mapema kama unavyowaambia ukiwa na kikao cha kazini, na usijieleze sana maana ukijieleza sana unakuwa umeshaomba tena. Mwanzoni watagonga, waache wagonge.

Lile shairi la bibi ulilonitumia nusu, ubeti wa tatu umeishia pale anapokataa kupigwa picha, bado nalifikiria na nataka kujua alisema nini baada ya hapo. Jumamosi nakuja kuwachukua watoto asubuhi, nawarudisha jioni, shemeji nishamjulisha. Simu yako zima.