Barua kwa rafiki yangu wa Mtwara, kuhusu hadithi ya mbalamwezi

Ilemela, Mwanza
Septemba 2025

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu ziwani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mama anaendelea vizuri na ule mguu. Mpe pole zangu. Sisi huku ni wazima, tunashukuru Mungu.

Uliniuliza kwenye simu habari za kile kitabu cha watoto ninachoandika, nikakujibu kwamba kinaendelea. Ni kweli kinaendelea, ila habari zake ni ndefu, hazitoshi kwenye vocha. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hadithi yenyewe unaijua juu juu tu. Kuna mtoto wa kike wa kisiwa cha Ukerewe, Neema, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza baba huingia ziwani na wenzake, na mtoto akichungulia nje huona taa za wavuvi zimetapakaa majini kama mji mwingine uliohamia huko. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola. Lakini mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na baba analala nyumbani. Basi mtoto huyu kila jioni anautazama mwezi: leo mwembamba, kesho umenenepa kidogo, mpaka unajaa. Ukishajaa baba yupo, wanakula pamoja, na kitabu kinaishia hapo.

Mchapishaji wa kwanza alikaa na mswada muda mrefu sana, mpaka nikadhani umepotea. Jibu lilipokuja lilikuwa la heshima. Alisema lugha ni safi na wazo ni zuri, ila hadithi haina funzo. Akapendekeza kwamba mwishoni baba amwambie binti asome kwa bidii ili aje kuwa mtu mkubwa, au binti mwenyewe aseme amejifunza umuhimu wa subira.

Nimeifikiria hoja hiyo sana, maana aliyeitoa hakuwa na nia mbaya. Mzazi anayetoa pesa yake anataka kuona faida, na kitabu cha ziada kikitakiwa shuleni kinahitaji ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mchapishaji anayaona hayo yote kabla hajaweka pesa yake. Lakini moyo wangu unakataa, na nitakueleza kwa nini. Kumbuka hadithi tulizokulia. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" tuliitikia "Hadithi njoo, utamu kolea!" na sungura akaanza vituko vyake. Alimwibia fisi, akadanganya kijiji kizima, akatoroka salama. Bibi hakutuuliza tumejifunza nini kwa sungura mwizi. Tulicheka mpaka machozi, tukaomba nyingine. Lile swali la "Hadithi hii inatufundisha nini?" tulikutana nalo shuleni, kwenye mazoezi ya ufahamu, na limetukaa kichwani kiasi kwamba sasa tunashindwa kumwacha mtoto afurahi na hadithi yake bila kumdai kitu mwishoni. Mtoto amemsubiri baba yake na baba amekuja. Ana haki ya kupewa hilo peke yake.

Sasa nikupe habari njema. Niliiandika hadithi nzima kwenye karatasi za manila, kurasa kubwa, nikachora picha kwa kalamu za rangi, nikawasomea watoto wangu wa darasa la pili. Unajua darasa la pili saa tano na nusu, njaa imeanza kuuma. Walitulia. Nilipofika ukurasa ambao mwezi unakaribia kujaa, kabla sijafunua unaofuata, mtoto mmoja ambaye baba yake anavua alisema kwa sauti, "Mwalimu, leo baba yake analala nyumbani!" Wengine wakamgeukia kumuuliza amejuaje, naye akaanza kuwaeleza habari za dagaa na mwezi, vizuri kuliko nilivyoeleza mimi kitabuni. Mtoto huyu kwa kawaida hanyanyui mkono. Nilisimama na manila yangu nikamwacha aendelee mpaka akamaliza.

Siku hiyo hiyo niliona pia mahali pa kurekebisha. Nilipowapa wasome wenyewe, walikwama kwenye maneno marefu. Sentensi kama "Alipokuwa akimsubiri baba yake" sisi tunaimeza mara moja, lakini mtoto anayesoma kwa silabi akifika mwisho wa neno la kwanza amekwisha sahau mwanzo wake. Na wengi wao nyumbani wanazungumza Kisukuma, Kijita au Kikerewe, kwa hiyo wanajifunza kusoma na Kiswahili kwa wakati mmoja. Nimerudi nikaandika upya: "Baba hayupo. Neema anakaa nje. Anatazama mwezi." Kazi hii ni ngumu kuliko nilivyotegemea, maana kila neno linalobaki lazima lifanye kazi, na kila linaloondoka picha ndiyo inalibeba. Nimeshinda jioni nzima kwenye ukurasa wenye maneno sita. Naipenda kazi hii kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya kwa mikono yangu, nakuambia ukweli.

Habari ya picha imenitia unyonge kidogo. Nilipata kijana mchoraji, ana kipaji cha kweli, akanichorea kurasa mbili za majaribio. Nyuso nzuri, usiku mzuri, lakini chombo alichochora ni ngalawa ya huko kwenu, ina yale magogo ya kuelea pembeni na tanga juu. Mtoto wa Ukerewe akiona hivyo atajua mara moja kwamba aliyechora hajawahi kufika kwao. Nilimpeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba akaone mitumbwi na dagaa wakishushwa, akachora upya, na safari hii amepatia. Tatizo ni malipo. Picha za rangi kurasa 24 ni pesa nyingi, na anastahili kulipwa. Tumekubaliana amalize kurasa chache za kuonyesha, nyingine zisubiri mkataba.

Mchapishaji wa pili alitaka nichangie gharama za uchapaji. Nilikataa bila kusitasita. Mshahara wa mwalimu unaujua.

Unakumbuka vile vitabu vyembamba vya hadithi tulivyogombania maktaba, vingine vikiwa vimetoka kwenye Mradi wa Vitabu vya Watoto? Mradi ule ulianza mwaka 1991, na ulikuwa unanunua sehemu ya nakala zilizochapwa na kuzipeleka shuleni, kwa hiyo mchapishaji hakuogopa kuchapa kitabu cha mtoto. Nauona umuhimu wake sasa ndiyo nimeingia upande huu.

Hivi sasa mswada uko kwa mhariri wa tatu. Huyu hakuuliza funzo. Aliniambia niondoe kurasa mbili za katikati ambapo hadithi inazunguka mahali pamoja, nami nilipozisoma tena niliona ana haki, nikaziondoa. Mkataba bado. Pia naandaa nakala kwa ajili ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Washindi wa kwanza walipewa tuzo Aprili 2023 upande wa riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto zikaongezwa, na kwangu huo ni mlango uliofunguliwa kwa watu kama mimi.

Nina ombi. Nimekutumia nakala kwa basi kupitia Dar es Salaam, imo kwenye bahasha ya kaki, na namba ya mzigo nitakutumia kwa meseji. Tafadhali wasomee watoto wako. Wao wanaijua bahari na ngalawa, lakini Ukerewe hawaijui. Usiwaeleze kitu kabla. Andika pembeni wanapouliza, wanapocheka, na hasa wanapoanza kuchezea viatu vyao, maana hapo ndipo nimewapoteza. Usinionee huruma. Ukiweza, nijibu kabla ya shule kufungwa Desemba, maana likizo ndiyo nitakaa niiandike kwa mara ya mwisho.

Wasalimie wote, na mwambie mwanao wa kwanza kwamba kurasa za majaribio zenye ile ngalawa nimemwekea yeye, azibandike ukutani.

Ni mimi, mwenzako wa bwenini