Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utamaduni, Kaunti ya Nakuru: Kalenda ya Ukumbi Iwekwe Wazi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mlezi wa kikundi cha vijana waigizaji hapa Nakuru, na nina jambo moja la kukuomba: kalenda ya kila ukumbi wa umma ibandikwe mlangoni, kila mtu aione.

Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi jukwaa lake lilikuwa la Wazungu. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, lakini ratiba ya ukumbi ilichelewa kubadilika. Mwaka 1976, michezo miwili iliyoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la sanaa la Waafrika mjini Lagos, mmoja wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, na mwingine wa Francis Imbuga, mwana wa Maragoli, ilipewa siku chache tu, kwa kuwa nyingine zilikuwa zimeshatengewa maonyesho ya kigeni. Katika jumba lililofunguliwa huku wapiganaji wa Mau Mau wakisakwa, Kimathi mwenyewe alihitaji kuombewa nafasi.

Nalikumbuka hilo kila tunapokosa mahali. Jumamosi moja tulifika katika ukumbi tuliokuwa tumeulipia, tukakuta viti vimefungwa vitambaa vyeupe na wapishi wakishusha sufuria. Bawabu hakuwa na karatasi yoyote ya kutuonyesha. Tulifanyia mazoezi chini ya mjakaranda, mvua ikanyesha, na binti aliyecheza malkia akaifumbata taji yake ya katoni kifuani isiloe. Ililoa, na gundi ikaachia.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Kwa hiyo naomba kumbi zilizo chini yako zitengewe siku mbili kila wiki kwa ajili ya vikundi vya maigizo, kwa ada ambayo kijana asiye na kazi anaimudu, na anayeondolewa kwenye zamu yake aelezwe sababu kwa maandishi. Tungefurahi kupata jibu kabla ya muhula wa kwanza, shule zinapoanza kujiandaa kwa tamasha la drama.

Wako mwaminifu,
Mlezi wa vijana waigizaji, Nakuru