Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu Kuhusu Matapeli wa Mirathi Hewa

Mheshimiwa Gavana,

Ninakuandikia nikiwa mteja wa kawaida wa benki, nisiye na cheo wala taasisi nyuma yangu, kuhusu utapeli ambao nguvu yake yote inatokana na majina ya benki unazozisimamia, na mara nyingine na jina la ofisi yako mwenyewe. Nazungumzia barua pepe, simu na ujumbe kutoka kwa mtu anayejiita meneja wa tawi, mkaguzi wa hesabu au mkuu wa idara ya malipo ya nje, akieleza kuwa mteja tajiri amefariki dunia bila kuacha mrithi, kuwa akaunti yake imelala kwa miaka mingi, na kuwa mpokeaji wa ujumbe, kwa sababu jina lake la ukoo linafanana na la marehemu, anaweza kuwasilishwa kama ndugu na kurithi mamilioni. Nimezisoma barua nyingi za namna hii, nyingine zikiletwa kwangu na watu ambao tayari walikuwa wamelipa. Ninachokuomba ni kwamba kazi ya kuzitambua isiendelee kuachwa kwa mpokeaji peke yake, ilhali jina linalotumika kumnasa ni la benki na fedha anazotapeliwa nazo hupita ndani ya benki.

Tahadhari nyingi zinazotolewa kwa umma huishia kusema kwamba watu wajihadhari na matapeli, jambo ambalo kila mtu anadhani tayari analifanya. Kinachokosekana ni maelezo ya namna mtego unavyotegwa hatua kwa hatua. Barua ya kwanza haiombi fedha hata kidogo. Inaomba siri, na siri hiyo inapewa sababu inayofanana na kanuni za kibenki: uhamisho haujakamilika, taarifa za mteja hazipaswi kutoka nje, mtu mwingine akisikia anaweza kuweka pingamizi mahakamani. Mpokeaji akijibu, nyaraka zinaanza kumiminika: cheti cha kifo, taarifa ya akaunti yenye nembo ya benki ya kweli, hati ya kiapo yenye muhuri, nakala ya kitambulisho cha kazi chenye picha. Anatambulishwa kwa wakili ambaye naye ni mmoja wao. Baadhi ya watu hupelekwa kwenye tovuti iliyotengenezwa ifanane na ya benki, wakapewa nywila, wakaingia na kuona majina yao yameandikwa juu ya salio la mamilioni.

Hapo ndipo ada ya kwanza inapotajwa, na huwa ndogo sana ikilinganishwa na urithi wenyewe. Ikishalipwa hufuata kodi ya mirathi, kisha bima ya uhamisho, kisha hati ya kuthibitisha kuwa fedha hazihusiani na dawa za kulevya wala ugaidi, kisha ada ya kubadilisha jina la mnufaika, na kila malipo huelezwa kuwa ndiyo ya mwisho. Wasiopata mkasa huu hujiuliza kwa nini mtu aliyelipa mara tatu alipe mara ya nne. Jibu ni kwamba kuacha kulipa kunamlazimu akubali siku hiyohiyo kuwa vyote alivyokwisha kutoa vimepotea, huku kuendelea kulipa kukimwachia tumaini kwa wiki moja zaidi. Matapeli wanaijua hali hiyo vizuri, na ndiyo maana hawamwombi kiasi kikubwa kwa mara moja.

Wanajua pia kwamba msiba wa kweli huupa uongo sura ya ukweli. Ajali ya ndege ya Kenya Airways iliyoanguka baharini karibu na Abidjan mwezi Januari 2000, na ile ya Concorde iliyotokea karibu na Paris mwezi Julai mwaka huohuo, zilitumika katika barua za aina hii, mara nyingi pamoja na kiungo cha habari iliyochapishwa na chombo kinachoaminika. Mpokeaji anayejaribu kuwa mwangalifu hufungua kiungo, akakuta ajali ni ya kweli na vifo ni vya kweli, akaona amethibitisha. Alichothibitisha ni ajali tu. Akaunti na urithi havijathibitishwa na yeyote. Ninaona ni ukatili wa pekee kutumia majina ya marehemu kwa jambo hili, kwa kuwa familia zao nazo zinaumizwa.

Utapeli wa kuahidi mali ili kupata malipo ya awali ni wa zamani kuliko intaneti. Mwishoni mwa karne ya 19 barua zilisambazwa kwa posta zikidai kuwa mtu mwenye utajiri uliofichwa amefungwa gerezani nchini Hispania, na kwamba atakayegharamia kuachiliwa kwake atagawiwa sehemu ya mali hiyo. Tofauti kubwa ya zama zetu, Mheshimiwa, ni kwamba mfungwa ameondolewa na nafasi yake amewekwa afisa wa benki. Mfungwa alitegemea huruma ya msomaji. Afisa wa benki anategemea imani ambayo sekta yako imeijenga kwa miaka mingi kwa sheria, leseni na ukaguzi, na tapeli anaichukua imani hiyo bila kuigharamia.

Usiache mtu akuambie kwamba wanaonaswa ni wasiojua mambo ya fedha. Kati ya mwaka 1995 na 1998, Emmanuel Nwude na wenzake walimshawishi mkurugenzi wa benki ya Banco Noroeste ya Brazili kwamba kulikuwa na mradi wa uwanja wa ndege mjini Abuja, na katika udanganyifu huo Nwude alijifanya gavana wa benki kuu ya Nigeria aliyekuwa madarakani wakati huo. Hasara ilifikia dola za Marekani milioni 242, benki yenyewe ikaanguka, na Nwude akahukumiwa mwaka 2005. Hadithi ile ilihusu uwanja wa ndege na si mirathi, lakini chambo kilikuwa kilekile: cheo cha ofisi kama yako. Kama mkurugenzi wa benki alishindwa kumtambua gavana bandia, ni vigumu kuona haki katika kumlaumu mjane au mstaafu kwa kushindwa kumtambua meneja bandia.

Ziko barua zilizojaa makosa na hadithi zisizoaminika, na watu huzicheka. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, alieleza kuwa huenda upuuzi huo una faida kwa tapeli, kwa sababu huwaondoa mapema wote ambao wangemchosha kwa maswali na kumwachia wachache walio tayari kuendelea hadi kulipa. Nakubaliana na hoja hiyo, na ninaona inabadilisha maana ya kicheko chetu. Anayebaki baada ya mchujo huo ni mtu aliye katika hali fulani ya udhaifu: ameachwa na mwenza, anadaiwa, anaumwa, au hana mtu wa kumuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Barua hizi humtaka mpokeaji akubali kujifanya ndugu wa marehemu asiyemfahamu. Akishakubali na kutia saini, tapeli ana silaha ya pili. Siku mtu huyo anapotaka kujitoa, anakumbushwa kuwa ameshiriki kughushi, kwamba jina lake na nakala ya pasipoti yake vimo katika jalada, na kwamba akienda polisi atakamatwa yeye kwanza. Hivyo ananyamaza, na wengine hulipa zaidi ili wasiripotiwe. Nakuomba ushirikiane na mamlaka za upelelezi mtoe tamko la wazi kwamba aliyelaghaiwa kwa njia hii atapokelewa kama mlalamikaji, na kwamba benki yake haitamfungia akaunti kwa sababu tu amejitokeza kueleza yaliyomkuta. Bila tamko la namna hiyo, takwimu zozote utakazoletewa mezani zitakuwa pungufu, kwa kuwa waliodhurika zaidi ndio wanaojificha zaidi.

Halafu kuna wanaotapeliwa mara ya pili kwa jina lako. Miezi kadhaa baada ya hasara, mtu hupokea barua kutoka kwa anayejiita afisa wa benki kuu, ikimpongeza kwa uvumilivu na kumjulisha kuwa matapeli wamekamatwa, fedha zake zimepatikana, na kinachohitajika ni ada ya kuziachilia. Anayeandika anazo taarifa zote sahihi za hasara ya kwanza, ama kwa sababu ni tapeli yuleyule, ama kwa sababu ameuziwa orodha ya waliowahi kulipa. Tamko fupi kutoka kwako, likirudiwa mara kwa mara na kubandikwa katika kila tawi la benki, lingesaidia hapa kuliko semina nyingi: kwamba benki kuu haishiki fedha za urithi wa mtu binafsi zinazosubiri ada yake, na kwamba gavana hamwandikii mwananchi kumwomba malipo.

Ni vema pia umma uelezwe jinsi mirathi ya kweli inavyokwenda, kwa sababu asiyeijua njia halali hawezi kuitambua ya uongo. Benki haitafuti warithi kwa kulinganisha majina ya ukoo ya watu ulimwenguni. Mrithi au msimamizi wa mirathi ndiye anayeifuata benki, akiwa na cheti cha kifo na hati ya mahakama au mamlaka inayohusika. Nchi nyingi zimeweka sheria kuwa akaunti ikilala kwa idadi fulani ya miaka, salio lake hukabidhiwa benki kuu au mamlaka maalumu ya serikali, ambako mwenye haki anaweza kulidai. Afisa anayempa mtu baki nafasi ya kuwa mrithi anatoa pendekezo la wizi, hata kama kweli ni mwajiriwa wa benki. Na liko swali moja ambalo kila mtu anaweza kumuuliza: ikiwa fedha zipo na ni nyingi kiasi hicho, kwa nini ada isikatwe humohumo? Sijawahi kuona barua ya tapeli iliyolijibu swali hilo kwa sababu inayoeleweka.

Sasa niyaseme yaliyo ndani ya uwezo wako. Mtu anayepokea barua kwa jina la benki ambayo yeye si mteja wake, hasa benki ya nchi nyingine, mara nyingi hana pa kuuliza. Akipiga simu huombwa namba ya akaunti ambayo hana. Ziagize benki ziwe na dawati moja la uthibitisho linalompokea mtu yeyote, linaloweza kutumiwa nakala ya barua na kujibu kwa haraka kama barua hiyo na mtu huyo ni wa benki au la. Orodha ya akaunti zilizolala, pale sheria inaporuhusu kuchapishwa, itafutike bila malipo katika tovuti ya mamlaka husika. Anwani za barua pepe za benki zilindwe kwa mfumo wa DMARC, unaokagua kama barua pepe imetoka kweli kwa mwenye anwani, uliowekwa katika kiwango cha kukataa barua za kughushi, badala ya kiwango cha kuangalia tu. Hatua hiyo haitamzuia anayetumia anwani ya bure au tovuti yenye jina linalokaribiana na la benki, lakini itamnyima tapeli anwani yenyewe.

Zaidi ya hayo, tazama upande wa akaunti inayopokea. Kila ada iliyolipwa kwa uhamisho wa benki iliingia katika akaunti iliyofunguliwa na mtu aliyetambuliwa na benki fulani, au angalau alipaswa kutambuliwa. Mara nyingi ni akaunti ya kukodi, ambayo mwenyewe amepewa kiasi kidogo ili fedha zipite. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, imezitaka taasisi za malipo kuwafidia wengi wa wateja waliolaghaiwa wakatuma fedha wenyewe, hadi pauni 85,000, gharama ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Utaratibu huo haugusi malipo yanayokwenda nje ya nchi, na mirathi hewa nyingi hulipwa nje, kwa hiyo sisemi unakiliwe kama ulivyo. Ninachokipenda ni ule mgawanyo wa nusu kwa nusu, kwa sababu unaipa benki iliyopokea sababu ya kujiuliza ni nani hasa imemfungulia akaunti.

Mwisho ni suala la muda. Fedha zikishatolewa taslimu au kugeuzwa sarafu za kidijitali, kuzirejesha ni vigumu mno. Zikiwa bado katika akaunti, zinaweza kuzuiwa. Tangu mwaka 2022 INTERPOL ina utaratibu uitwao I-GRIP, unaoziwezesha polisi za nchi mbalimbali kuombana haraka kuzuia malipo yanayotiliwa shaka. Utaratibu huo hauna faida kwa mwananchi ambaye tawi lake linamwambia ajaze fomu na arudi baada ya siku kadhaa. Naomba utoe mwongozo kwamba malalamiko ya udanganyifu wa malipo yaanze kushughulikiwa saa hiyohiyo yanapopokelewa, usiku na mchana, siku za kazi na za mapumziko, na kwamba benki ifikishe ombi la kuzuia fedha kwa benki iliyopokea kabla ya kumtaka mteja athibitishe jambo lolote zaidi ya utambulisho wake.

Naomba jibu lako, liwe la kukubali au la kukataa, litolewe hadharani, ukieleza ni lipi kati ya haya liko katika mamlaka yako na lipi linahitaji sheria mpya, ili tujue lipi tulipeleke kwa wabunge.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wa benki