Acheni kuwaita "Wahindi Wekundu"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wenu wa barua. Ninaishi Nebraska, Marekani, na huu ni mwaka wa sita mimi na mume wangu tunaendesha jumba dogo la sanaa kuhusu maisha ya walowezi wa nyanda hizi. Ni chumba kimoja tu, zamani kilikuwa ghala la mbegu. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi kabla sijafungua mlango, na kuna maneno yanayonichoma kila mnapogusia Marekani ya kale na wenyeji wake wa asili: "Wahindi Wekundu" na "ardhi tupu".

Nina sababu ya kuchomwa, kwani mimi mwenyewe niliwahi kuandika jambo kama hilo ukutani.

Zamani ukiingia kwetu, picha ya kwanza kukukabili ilikuwa ya familia ya Hilton. Aliipiga Solomon Butcher, ambaye kuanzia mwaka 1886 alizunguka Custer County, hapa hapa Nebraska, kwa gari la farasi akiwapiga picha walowezi mbele ya nyumba zao. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka 5, lakini miti huku ni ya kutafuta, basi watu walikata mabonge ya udongo pamoja na mizizi ya nyasi wakayapanga kama matofali. Wakayabatiza jina, "marumaru ya Nebraska". Mama Hilton hakutaka jamaa zake wa mbali waione nyumba ya namna hiyo. Alitaka wakione kinanda chake. Kwa hiyo kinanda kikaburutwa hadi uwanjani, familia ikasimama kando yake na mifugo nyuma yao, na nyumba ikaachwa nje ya picha kabisa. Wageni wengi, hasa akina mama, husimama hapo muda mrefu bila kusema neno.

Pembeni yake ipo familia ya Jerry Shores, picha ya mwaka 1887. Ni Weusi, na Shores mwenyewe alizaliwa mtumwa. Watoto wa shule huniuliza kama kweli watu hawa waliishi hapa. Nawaambia ndiyo, walilima udongo huu huu mnaoukanyaga.

Sasa, chini ya picha hizo niliandika kwa mkono wangu: "Hawa ndio watu wa kwanza kuishi hapa." Maneno hayo yalikaa miezi minne. Siku moja akaja mzee wa Kipawnee, mmoja wa wenyeji wa asili wa nyanda hizi, kutoka Oklahoma, amemshika mjukuu wake mkono. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma tena. Kisha akaniambia kwa upole, "Mama, bibi wa bibi yangu alizaliwa kando ya mto Loup, hapo tu. Nyumba yao nayo ilikuwa ya udongo."

Nilikosa pa kutazama. Wapawnee waliishi kando ya mito ya Loup na Platte vizazi na vizazi, wakilima mahindi na kuwinda nyati, katika nyumba kubwa za mviringo zilizofunikwa udongo, mlango ukielekea mashariki jua linakochomoza. Katika miaka ya 1870 wakahamishiwa kule ambako leo ni Oklahoma. Butcher alipofika na kamera yake, ilikuwa imepita kama miaka kumi tu. Huo ndio utupu tunaousimulia.

Jioni ile nilibandua karatasi yangu na rangi ya ukuta ikatoka nayo. Leo, kabla ya kinanda cha Mama Hilton, mgeni anakutana kwanza na mchoro wa nyumba ya mviringo uliochorwa na msanii wa Kipawnee. Kuununua kulitumaliza akiba. Mfadhili mmoja aliyekuwa akituchangia kodi ya chumba alijitoa, akisema tumewavunjia heshima babu zake walowezi. Iliniuma, kwa sababu babu zake nawapenda kweli. Ndio ninaowapangusa vumbi kila wiki. Lakini picha za Shores na Hilton hazikupungua hata moja, na mchoro haushuki.

Nirudi kwenu. "Wahindi" kwa msomaji wa Kiswahili ni watu anaowajua, wenye asili ya Bara Hindi. Kuongeza "wekundu" ni kurithi kosa la Columbus, aliyedhani amefika Bara Hindi, kisha kulipaka rangi ya ngozi. Na hilo la ardhi tupu lina mizizi yake serikalini: sensa ya Marekani ya mwaka 1890 ilitangaza kwamba mstari uliotenganisha makazi na mahali pasipokaliwa haupo tena, na kipimo chake cha mahali pasipokaliwa kilikuwa chini ya watu 2 kwa maili moja ya mraba. Wenyeji wengi wa asili hawakutiwa katika hesabu hiyo. Kwa mstari kama huo Kiswahili chetu kina neno bora, mpaka. Mpaka hauwi wa mtu mmoja. Ukishautaja, umekiri kwamba ng'ambo yake yupo mwenzio. Ndilo ninalomfafanulia kila mgeni anayeniuliza lugha yetu inapaitaje mahali kama hapa.

Basi nawaomba: Wapawnee waiteni Wapawnee, Walakota waiteni Walakota, na mkiwataja wote kwa pamoja semeni wenyeji wa asili wa Amerika. Siku mkitaka kuandika juu ya nyanda hizi, nitumieni ujumbe. Vioo ambavyo Butcher alipigia picha zake vinatunzwa na shirika la historia la jimbo letu na nakala hupatikana. Maelezo ya picha nitawaandikia mwenyewe kwa Kiswahili, na nitaanza na mto Loup.

Msomaji wenu,
Nebraska, Marekani