Dhamiri haiachwi getini

Mhariri,

Siku hizi ni kawaida kumsikia mtu akijitetea, "Mimi nilikuwa kazini tu," kana kwamba utu wake wa nyumbani haumhusu akiwa ofisini. Sikubaliani naye hata kidogo.

Januari 1986, usiku wa kuamkia safari ya chombo cha anga cha Challenger, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za kusukumia walionya kwamba mipira ya kuzibia maungio ingeweza kushindwa kazi kwa sababu ya baridi. Bosi mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Akaivaa. Kesho yake watu 7 walikufa.

Kofia hiyo ndiyo inayonisumbua. Hesabu mwenyewe alizijua. Kilichogeuzwa ni swali: badala ya kuthibitishiwa kuwa chombo ni salama, wakubwa walitaka wathibitishiwe kuwa si salama.

Wengi wetu hatuundi roketi. Tunamsainia mahudhurio mwenzetu ambaye hajafika, au tunairudisha nyuma tarehe ya barua kwa sababu bosi ameomba kwa upole. (Huo upole, jamani, ndio mtego wenyewe.) Semina za maadili hazifiki huko, tunasomeshwa rushwa za mamilioni, tunapewa cheti na picha ya pamoja, kisha tunarudi mezani kusaini yaleyale.

Waajiri wanaodai wanataka uadilifu watuambie kwanza: anayekataa kusaini analindwa na nani?

Msomaji wako