Kwa wazee wa kanisa wapya: someni habari za Yoashi mpaka mwisho

Wapendwa wazee wa kanisa mlioingizwa kazini Jumapili,

Bwana Yesu asifiwe.

Nilikuwa benchi la nyuma, maana magoti yangu hayataki tena kupanda mbele, nikawatazama mlivyopiga magoti madhabahuni. Wengine wenu niliwafundisha kipaimara, na mmoja (anajijua) alikuwa akisinzia kwenye Amri ya Saba. Siku kama ile watu huhubiriwa Daudi na Sulemani. Mimi nawaletea mfalme asiyehubiriwa sana, Yoashi wa Yuda. Habari zake ziko 2 Wafalme 11 na 12, na 2 Mambo ya Nyakati 23 na 24. Someni vitabu vyote viwili, maana cha kwanza kimemsitiri mahali ambapo cha pili kimemwanika.

Mnakumbuka kwamba Athalia, bibi yake mzaa baba, aliua uzao wa kifalme ili atawale yeye. Yehosheba, shangazi wa mtoto, akamwiba pamoja na yaya wake, akafichwa hekaluni miaka 6. Alipofika miaka 7, kuhani Yehoyada, mume wa Yehosheba, akamtoa hadharani akamvika taji. Akatawala miaka 40.

Sasa njooni kwenye fedha, maana hapo ndipo kazi yenu ilipo. Yoashi aliagiza makuhani wakusanye fedha watengeneze mahali palipobomoka hekaluni. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wake, hakuna hata ufa mmoja ulioguswa. Mfalme akawaita makuhani, na Yehoyada akiwemo, akawauliza kwa nini hamtengenezi. Tulieni kidogo hapo. Kijana wa miaka thelathini anamuuliza habari za fedha mtu aliyemficha asichinjwe, na yule mzee hanuni. Anachukua sanduku, anatoboa tundu kwenye kifuniko, analiweka kando ya madhabahu, upande wa kuume wa aingiaye. Likijaa, anakuja karani wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wanahesabu, wanafunga mifukoni. Mmoja katoka ikulu, mwingine hekaluni. Kutoka hapo fedha inakwenda kwa wasimamizi, nao wanalipa maseremala, waashi, wakata mawe, na kununua mbao.

Mwishoni mwa habari hiyo kuna mstari usemao kwamba wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Nimeusikia mstari huo ukisomwa kwenye vikao kila mara mtu alipoombwa risiti za mabati. Ndugu zangu, msikubali usomwe peke yake. Kabla fedha haijafika kwa wale waaminifu ilikuwa imepita kwenye tundu, chini ya kifuniko, na mbele ya macho ya watu wawili.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilihesabu peke yangu. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, nikiwa mzee wa kanisa kama ninyi. Mnada ulichelewa kwisha, wingu likatanda, wenzangu wakaaga. Nikabaki na hela za ndizi, mahindi na kuku, nikazitia mfuko wa ndani wa koti. Kesho yake mwanangu akarudishwa nyumbani kwa ada. Nikachomoa. Nikajiambia nimekopa tu, Ijumaa narudisha. Nilirudisha kweli, ila haikuwa Ijumaa ile. Jumapili iliyofuata bibi mmoja akanisimamisha mlangoni: "Baba, mbona jogoo wangu hakusomwa kwenye matangazo?" Wala hakuwa na neno. Alitaka tu kusikia jogoo wake akisomwa. Nikamjibu kwamba karani alisahau. Hela nilikwisha kuitubu. Lile la kumsingizia karani wa watu bado hunijia usiku.

Basi turudi kwa Yoashi. Yehoyada alikufa ana miaka 130, wakamzika pamoja na wafalme, ingawa alikuwa kuhani. Kisha wakuu wa Yuda wakaja kumsujudia mfalme, naye akawasikiliza. Waliyomwambia hayakuandikwa, kuinama kwao kumeandikwa. Mtu aliyezoea kuulizwa na kuelekezwa, siku hiyo alikutana na watu wa kuinama tu, na ikamtosha. Nyumba ya Bwana ikaachwa, watu wakarudia maashera na sanamu.

Zekaria, mwana wa Yehoyada, akasimama kuwaonya. Mfalme akaamuru apigwe mawe, na akapigwa mawe katika ua wa nyumba ya Bwana. Sura moja nyuma yake, Yehoyada alikuwa amekataza hata Athalia asiuawe ndani ya hekalu. Wakamtoa nje kwanza. Muuaji alitolewa nje, mtoto wa mlezi akauawa uani. Kila ninapofika hapo nafunga Biblia kidogo.

Hata vyombo vilivyowekwa wakfu hekaluni Yoashi alivikusanya akampelekea Hazaeli, mfalme wa Shamu, ili asiishambulie Yerusalemu. Watumishi wake mwenyewe wakamuua kitandani, na kaburi la wafalme hakupewa.

Biblia inasema alitenda mema siku zote za Yehoyada. Hapo ndipo ninapowaogopea. Sisi wazee mnaotuona mmetuzoea: huyu atauliza, yule atagombeza, basi fanyeni sawasawa. Lakini mwaka jana tu tumezikana wawili. Tafuteni mapema, tukiwa bado hai, mtu wa rika lenu atakayeweza kuwaambia hapana bila kutetemeka, na akisema msimnunie. Mkiona siku hizi kila mmoja anawaita waheshimiwa na hakuna anayeuliza habari za jogoo wake, jueni wakuu wa Yuda wameshafika.

Na jambo la mwisho. Ufunguo wa pili wa sanduku la ujenzi bado ninao, uko kwenye kopo la majani ya chai. Njooni muuchukue jioni yoyote, ila msinitumie mtu mmoja. Njooni wawili.

Ni mimi, mzee wenu wa benchi la nyuma.